Bunda la Ziada

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha kinyozi. Mlango umefungwa, redio imewashwa ili kufunika maneno.

"Hatumwibii mwenye uwanja wa farasi," alisema Mwalimu, aliyefukuzwa kazi shuleni kwa kuuza mitihani. "Fedha za wacheza kamari wote zinaingia kapu moja. Mwenye uwanja anakata chake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Farasi Namba Sita karibu hana mtu aliyemwekea, kwa hiyo kila shilingi inarudi kumi na mbili. Sisi watatu tukiweka bunda moja moja la noti, dakika za mwisho, itarudi saba. Tukizidisha, tunajipunja wenyewe. Na waamuzi wataona ubao wa malipo umeporomoka."

"Bunda moja," alisema Kinyozi.

"Dereva?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, ni maskini tu."

Walicheka, isipokuwa Mdogo. Alikuwa mdogo wake Mwalimu, na ndiye angempanda Namba Moja, farasi aliyependwa na umati mzima. Kazi yake ilikuwa kumzuia. Goti la kulia la Mdogo lilikuwa limekwisha. Fungu lake lilikuwa la upasuaji.

"Kaka, wakinishika? Sijui kazi nyingine."

"Hawakushiki. Hesabu imekaa."

Saa tisa kasoro dakika tatu. Madirisha matatu ya kamari, foleni tatu.

Dereva alifika kwanza. Aliwaza: wenzangu wataweka moja moja. Langu la ziada litaishusha hadi sita. Nani atashtuka kwa sita? Akaweka mawili. Kwenye dirisha la pili Kinyozi aliwaza hayohayo, akaweka mawili. Mwalimu alikuwa na sababu nzuri kuliko wote, goti la mdogo wake. Akaweka mawili.

Madirisha yakafungwa. Ubao ukapepesa, ukatulia: tano.

Mwalimu alielewa papo hapo. Kila mmoja aliwaamini wenzake vya kutosha kuwaibia.

"Uliweka mangapi?" aliuliza.

"Na wewe?" Dereva alijibu.

Juu kwenye roshani, mwamuzi aliuacha ubao, akaielekeza darubini kwa Namba Moja. Mdogo alikuwa ndani ya geti la kuanzia, ubao uko mgongoni kwake.

"Mwambie mdogo wako asivute!" alisema Kinyozi.

"Kwa sauti gani?" alijibu Mwalimu.

Geti likafunguka.

Kwenye kona ya mwisho Mdogo alivuta hatamu, taratibu, kama walivyopatana. Namba Sita akapita, akashinda. Kabla shangwe haijaisha, kipaza sauti kilitangaza malipo yamesimamishwa. Askari wawili walikuwa wanamsubiri Mdogo. Alishuka kwa mguu mzima, kisha akausogeza ule mbovu kwa mkono.

Walimpitisha kando ya ua wa uwanja, waliposimama Mwalimu na wenzake. Askari mmoja akasimama.

"Yule analia. Mmefanana. Ni nduguyo?"

Mdogo alimtazama Mwalimu.

"Simjui. Kwetu nimezaliwa peke yangu."

Mwalimu alifungua mdomo. Dereva akamshika mkono, na Mwalimu akakubali kushikwa.