Mwanamume Aliyekaa Eda

Rahila alifika kwenye meza ya Talib akiwa na simu inayochuruzika maji ya ukwaju. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, barabara kuu ya Wete imejaa watu wanaowahi samaki kabla ya sala, na mbele ya kibanda cha kutengeneza simu watu tisa walikuwa wakibishana nani wa mwanzo.

"Imeangukia wapi?" Talib aliuliza bila kuinua uso.

"Kwenye jagi la ukwaju."

"Ulishatiwa sukari?"

"Sukari inahusu nini?"

"Maji yanakauka. Sukari inaganda." Hapo akainua uso. Akaona buibui lenye pindo la zambarau, mtandio wa njano, na macho yasiyo na mpango wowote wa kumwamini. "Njoo Jumatatu, dada."

"Jumatatu utaniambia imekufa, halafu nitaiona kwa mtu kule Kengeja."

Foleni nzima ikacheka. Talib naye akacheka, na mikono yake, iliyokuwa imeshika nyaya nyembamba kama unywele, haikutikisika hata kidogo. Rahila aliiona hiyo mikono, akaisifu.

Jumatatu simu iliwaka. Ndani yake kulikuwa na namba mpya, imeandikwa "Fundi Mwaminifu".

"Nani kakwambia ujiandike?"

"Ifute basi."

Hakuifuta. Baada ya miezi mitano, Talib alikuwa akimpigia kila siku adhuhuri, dukani Rahila alikouza vitambaa, na kumuuliza swali moja: "Umekula, roho yangu?" Naye alijibu, "Nimekula, na wewe usijifanye mama yangu."

Kisha wakazungumza habari ya posa, na hapo mambo yakaharibika.

"Wazee wangu watatoka Wingwi mwezi ujao," Talib alisema.

"Kwa nini mwezi ujao? Mwezi huu hauna siku?"

"Kuna jambo nalimaliza."

"Jambo gani?"

"Jambo langu, Rahila."

Tangu siku hiyo Rahila alianza kumtazama kama mtu anayekagua kitambaa kutafuta kasoro. Na kasoro zilikuwapo. Talib alikonda. Shati lake liliroa jasho hata asubuhi ya baridi. Aliwafokea wateja. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na akijaliwa kulala, alisema, anaota ndoto za ajabu mpaka anaogopa kulala tena. Kila Jumamosi baada ya alasiri simu yake ilizimwa kwa saa mbili kamili.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani hawana majina?"

Siku moja alikwenda kumpelekea chapati kibandani. Kukaadhiniwa. Talib akaenda kusali, akaiacha simu mezani. Ikatoa mlio. Rahila hakuishika, alisoma tu kilichotokea kwenye kioo:

*Shamima: Talib, zimebaki siku kumi na mbili eda iishe. Ukisikia unataka kurejea, usifanye peke yako, nipigie mimi kwanza. Jumamosi usikose.*

Chapati zilibaki pale pale. Rahila alikwenda moja kwa moja kwa shoga yake Yumna, aliyekuwa uani akianika nguo.

"Eda?" Yumna alidondosha shuka. "Shoga, eda hukaa mwanamke aliyeachwa, akingoja muda wake utimie ndipo aolewe na mwengine. Basi huyo kaacha mke!"

"Na kurejea?"

"Ndiyo talaka rejea hiyo. Kabla eda haijaisha, mume akitaka anamrudia mkewe. Hahitaji hata mahari. Wewe umewekwa akiba."

Jioni hiyo Rahila alipiga simu.

"Talib, ulishawahi kuoa?"

"Mie? Nani angenipa binti yake?" Akacheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo.

Kuchelewa huko ndiko kulikommaliza Rahila.

Jumamosi alimfuata. Alivaa buibui la Yumna, akajifunika uso, akamwona Talib akipita mtaa wa Jadida, akigeuka nyuma mara mbili, akiingia nyumba yenye mlango wa kijani. Mwanamke mwembamba mwenye miwani alimfungulia, akatabasamu, akafunga. Rahila alihesabu mpaka mia moja. Kisha akagonga kwa ngumi.

"Hodi! Nimekuja kumwona mke wa Talib!"

Mlango ukafunguliwa. Sebuleni kulikuwa na mkeka, birika la chai ya tangawizi, na vijana saba wa kiume wenye madaftari mapajani. Talib alikuwa katikati yao, mdomo wazi.

"Yuko wapi anayekaa eda?" Rahila aliuliza.

Kijana mmoja, Fahmi, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Sote, dada. Mie nina siku ya tisa."

Wenzake wakaangua kicheko. Talib peke yake hakucheka.

"Kaa, mwanangu," alisema yule mwanamke mwenye miwani. "Mie ndiye Shamima. Hapa hakuna mke wa mtu. Hawa wamepumzika kuvuta bangi, siku thelathini. Simwapishi mtu kuacha milele, maana viapo hivyo huvunjwa kesho yake. Wanapumzika, wanaandika saa gani hamu inakuja na imeletwa na nini, kisha wanaamua akili zikiwa safi. Jina la eda alilitia Fahmi."

"Tumeiacha kwa talaka moja," Fahmi alieleza. "Kama ni kurejea, mtu arejee kwa akili, si kwa pupa."

Rahila alimtazama Talib. "Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa nasoma Unguja. Kila siku. Ilifika mahali siwezi kushika waya bila kuvuta. Ile mikono uliyoisifu…"

"Usinimalizie."

"Nilitaka nimalize kwanza, ndipo nikwambie."

"Ungekuwa na mke ningejua la kufanya," Rahila alisema. "Ningekutukana, nikaenda zangu. Hili silijui." Akatoka, na sauti ya Talib ikamfuata mpaka njiani.

Kwa siku tatu hakupokea simu yake. Kila adhuhuri iliita, ikanyamaza. Alimwaza akiwa na vijana wale wanaocheka, akaona uongo kila mahali. Pengine hata ile siku ya mwanzo alikuwa amelewa. Pengine hata mapenzi yenyewe yalikuwa moshi.

Siku ya nne iliita saa tatu asubuhi, wakati si wake. Rahila alikuwa jikoni kwao akimenya muhogo. Akapokea.

"Niko nyuma ya ghala bovu la karafuu, kule bandarini," Talib alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Nimepewa kijiti. Kiko mkononi."

"Umekiwasha?"

"Bado."

"Mpigie Shamima!"

"Shamima najua atakachoniambia. Nimekupigia wewe."

Rahila alitaka kukata. Angekata, angejua ni yeye aliyemwachia akiwashe. "Sina maneno mazuri, Talib. Nimekukasirikia."

"Nikasirikie. Usikate tu."

"Uliniona mjinga. Uliniacha nihesabu Jumamosi kama mtu aliyeibiwa. Nilisimama mlangoni kwa watu nikiulizia mke! Unajua Yumna kawaambia wangapi? Mtaa mzima wananiita mke mwenza!" Alimenya na kufoka, akafoka na kumenya. Akamsomea makosa yake yote tangu jagi la ukwaju. Ilipita robo saa. Upande wa pili Talib alikuwa akipumua tu, mwanzo haraka, kisha polepole.

"Rahila."

"Sijamaliza."

"Najua. Hamu imepungua. Nimekifikicha, nimekitia majini."

Rahila aliweka kisu chini. "Nitajuaje?"

"Hutojua."

Hilo ndilo jibu lililomfanya aketi. Angeapa, asingemwamini. "Mama atayasikia haya kutoka kinywani mwako," alisema hatimaye. "Si kwangu."

Siku ya ishirini na nane ya eda yake Talib aliketi sebuleni kwa Bi Mwanawema, mama yake Rahila, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alisema yote, hakuruka kitu.

"Unaacha au huachi?" Bi Mwanawema aliuliza.

"Nimepumzika, Bi Mwanawema. Nataka niongeze siku sitini. Nikisema milele nitakuwa nakudanganya."

"Yaani unakuja kuposa kwa nimepumzika?"

"Ndiyo."

Mama alimgeukia bintiye. "Na wewe unamtaka huyu?"

"Namtaka. Lakini simwamini."

"Baba yako nami nilimtaka hivyo hivyo." Akainuka, akakusanya vikombe, akamgeukia Talib. "Wazee wako waje sitini zikiisha. Wakija kabla, watakuta mlango umefungwa."

Rahila alimsindikiza Talib mpaka kizingitini. Pale alimsogelea, akainamisha pua kwenye kola ya kanzu, akavuta pumzi ndefu.

"Unaninusa?"

"Nakunusa."

"Na kesho?"

"Kesho pia. Na kesho kutwa uje mapema, mchana nipo dukani."

Talib akafungua kifungo cha juu, akasimama wima kama mtu anayepimwa nguo, akamwacha amalize.