Gari Jekundu Lenye Stika

Kila akitoka shuleni, binti wa fundi alipitia gereji ya baba yake. Alivua viatu vya shule, akavaa ndara, kisha akaburuta sumaku chini ya magari kuokota nati zilizodondoka. Sumaku yenyewe ilitolewa kwenye spika ya redio mbovu. Baba yake, fundi wa kunyoosha bodi, hakununua nati mpya. Tangu mkewe afariki, hakununua kipya chochote.

Siku moja akaja mjomba wa binti, kinyozi mwenye maneno mengi.

"Shemeji, nimelipata. Gari la mbio, la zamani, jekundu, viti viwili, paa la kukunja. Nimeliota tangu utoto."

"Anauza nani?"

"Mkubwa wa ukaguzi wa magari."

Fundi alitema mate pembeni. "Yule anayekagua gari kwa kuangalia mkono wa dereva?"

"Shemeji, mimi naoa gari, simwoi mwenyewe."

"Hata anayeoa huulizia ukoo. Sikiliza. Gari la zamani halinunuliwi kwa rangi wala kwa mlio. Nunua mwili. Injini ikifa hufufuliwa. Bodi ikioza, umenunua kaburi. Ukilikuta limeoshwa, subiri likauke, maji huficha mabaka. Gusa boneti; ikiwa ya moto kabla hujawasha, kuna ugonjwa wamekuficha. Na kutu hulala chini ya milango."

"Basi twende wote."

"Ameniruhusu?"

Mjomba akakuna kichwa. "Amesema hataki fundi wa kumgongagongea gari."

Fundi akacheka bila furaha, akamgeukia bintiye. "Nenda wewe. Pitisha sumaku chini ya milango yote miwili. Ikishika, ni bati. Ikianguka, ni pati, ule unga wa kuzibia matundu. Usiniletee 'nadhani'."

Jumamosi walilikuta gari uani kwa Mkubwa, linang'aa hata ungejitazama ukachana nywele. Mkubwa mwenyewe aliwafungulia mlango. "Karibu kiti, bibi mdogo," alisema. Akawazungusha mtaani paa likiwa wazi, watoto wakikimbia nyuma. Waliporudi, binti aliona haya kutambaa vumbini mbele ya mtu mwenye adabu namna ile. Akabandika sumaku juu ya boneti. Ikashika. Akaridhika.

"Umepitisha chini?" baba aliuliza jioni, wakila nyumbani pamoja na mjomba.

"Ndiyo, baba. Inashika kote."

Mjomba akapiga makofi. "Jumatatu nalichukua. Wa kwanza kupanda ni wewe, mjomba. Tutashuka nalo mteremkoni, twende tukamwonyeshe mama yako kaburini."

Binti aliacha kula. Mteremko ule ndio ulioangusha basi la mama yake. Breki zilikatika, watu wakazikwa, na ofisi ya ukaguzi ikasema ni mipango ya Mungu. Mungu husingiziwa mengi na watu wenye ofisi.

Jumatatu asubuhi, baba akimpigia pasi sare, binti alishindwa kuvumilia.

"Baba, sikupitisha chini. Nilidanganya."

Baba hakumpiga. Alisimamisha pasi. "Mjomba wako yuko wapi saa hizi?"

"Ameshakwenda kwa Mkubwa."

"Vaa viatu."

Walimkuta mjomba na fuko la pesa kwapani. Mkubwa akakunja uso. "Nilisema sitaki fundi."

"Mimi sigusi," fundi alijibu. Akamwambia binti, "Fanya ulichosema umefanya."

Binti alilala kifudifudi na sare yake safi. Sumaku ikaanguka. Akaenda mlango wa pili, ikaanguka tena. Akasukuma kwa kidole gumba. Pati ikabanduka pamoja na rangi, pakabaki tundu la kupitisha ngumi.

"Mnaharibu mali ya watu," alisema Mkubwa. "Gari hili lina stika halali ya ukaguzi."

"Hata basi lililomuua mke wangu lilikuwa nayo," alisema fundi. "Mpya kabisa. Ndiyo pekee iliyotoka nzima."

Mjomba aliukaza mkono kwenye fuko lake, akatoka bila kuaga, na mdomo wake wote ule.

Baada ya muda gari lile jekundu, limezibwa na kupakwa rangi tena, lilipita mbele ya gereji, kijana aliyelinunua akiliendesha. Fundi alimkimbilia, akamweleza. Kijana akaonyesha kioo cha mbele. "Mzee, huoni stika?" Akaondoka zake.

"Si ukamshitaki Mkubwa?" binti aliuliza.

"Kwa nani, mwanangu? Ofisi ni yake, mhuri ni wake, kiti ni chake." Fundi aliketi juu ya tairi. "Mkubwa akidanganya ana wa kumtetea. Sisi tukidanganyana humu ndani, nani atatuokota? Kazi hukuifanya, sema hukuifanya, hata kama utaona haya. Haya huisha. Mama yako harudi."

Akampa sumaku yake. Binti akavua viatu vya shule, akavaa ndara, akaingia chini ya gari lililokuwa karibu. Safari hii alianzia mvunguni kabisa.