Namba ya Siri ya Akina Mama Watatu

Tangazo! Tangazo! Wananchi wa Kibondo, Kasulu na sayari zote za jirani! Mimi Venanti, msomi wa kidato cha tatu, mkazi wa bweni na mla maharage mzoefu, leo natoa elimu ya fedha kwa taifa.

"Venanti! Ndoo hazijai kwa hotuba!"

Huyo ni mama. Subirini.

Haya, nimerudi kutoka kisimani. Naendelea.

Sisi ni wakulima wa mahindi, nje kidogo ya mji wa Kibondo. Mama yangu, Immakulata, huweka fedha katika chama cha akiba na mikopo. Ofisi kuu ya chama iko Kasulu, lakini Kibondo kulikuwa na dirisha la huduma. Mama alifika, akasalimia, akaonyesha kitambulisho, akapewa fedha yake. Kumbe raha hiyo iliwaudhi wakubwa. Mwaka huu wakalifunga. Mlangoni wakabandika karatasi: "Huduma sasa ziko mkononi mwako."

"Mkononi mwangu kuna jembe," mama alisema. "Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyemwuliza. Wanachama waliandikishwa kwenye simu harakaharaka, kama mbuzi wanaochanjwa. Kila mmoja aliambiwa achague namba ya siri yenye tarakimu nne. "Mwitunze vizuri," afisa akasema. Akapanda pikipiki, akaondoka.

Mama aliitunza vizuri. Vizuri mno.

Mvua zilipoanza, alitaka fedha ya mbegu na mbolea. Mimi nilikuwa likizo. Nikashika simu yake kitaalamu.

"Mama, taja namba ya siri."

"Sina."

"Umesahau?"

"Nimeigawa. Rosa ana mbili za mwanzo, alizochagua mwenyewe. Ntirampeba ana mbili za mwisho, naye alizichagua mwenyewe. Mimi nina simu."

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Kikundi cha kukopeshana cha akina mama kijijini kwetu kina sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa katika nyumba tatu: kwa mama, kwa Rosa na kwa Ntirampeba. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, na halijawahi kuibiwa. Mama alifanya kile alichofundishwa. Hakuna aliyemfundisha kingine.

Rosa alikuja mbio. Lakini Ntirampeba alikuwa kijiji cha mbali cha Kagerankanda, akimwuguza binti yake, na simu yake haikupatikana.

"Jaribu saba saba," Rosa alisema. "Ntirampeba anapenda saba."

Tukajaribu, tukakosea, tukajaribu tena. Akaunti ikajifunga.

Tukaenda mjini kwa Asmahani. Yeye anauza simu, na pia ni wakala wa chama. Mama akamweleza yote.

"Mama Divine," Asmahani akasema, akimwita kwa jina la dada yangu, "sanduku ni la wengi, ndiyo maana linalindwa na wengi. Akaunti ni yako peke yako. Namba ya siri hapewi shoga, hapewi mume, hapewi mtoto. Hata mimi usinitajie. Mtu akikupigia, akasema yeye ni ofisi na anataka namba ya siri, kata simu. Huyo ni mwizi." Akanigeukia. "Na wewe msomi, uliiuliza ya nini?"

Nikaanza kukagua bei za chaja.

"Basi nifungulie," mama akaomba.

"Mimi siwezi. Anayefungua ni afisa wa chama, akikuona wewe na kitambulisho chako. Piga namba iliyo kwenye kadi yako ya uanachama."

Mama akapiga. Kasulu akapokea meneja, Bwana Tharsisi, tukimsikia sote kwenye spika.

"Mama, njoo huku Kasulu."

"Kasulu?" Mama alisimama. "Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo mbegu zangu! Wenzangu wanapanda, mimi nipande gari?"

"Mama, teknolojia imerahisisha..."

"Imemrahisishia nani? Wewe umeokoa kodi ya chumba. Mimi napoteza msimu! Bwana Tharsisi, chama hiki ni cha nani?"

Kwenye simu zikasikika karatasi zikifunuliwa.

"Mshahara wako unatoka kwa nani?"

Dukani watu walishajaa. "Mwulize tena!" akafoka mzee Kipriani, mwanachama mwenzake. "Mwambie na mimi sioni maandishi ya simu! Fedha yangu nitaisoma kwa pua?"

Asmahani akanong'ona, "Mwambieni mtaandika barua kwa bodi. Wanachama mkiwa wengi, mna haki ya kudai mkutano."

Mama hakunong'ona. Alilisema hilo hadi barabarani wakasikia. Bwana Tharsisi akakohoa. Akaahidi kwamba afisa angekuja Kibondo siku ya gulio.

Barua tuliandika vilevile. Wasiojua kusaini waliweka dole gumba. Bodi ikakubali: anayeweza simu atumie simu, asiyeweza atahudumiwa mezani Kibondo, kila gulio. Walishindwa nini kutuuliza mapema?

Gulio hilo la kwanza alikuja afisa Hashimu, akaweka meza dukani kwa Asmahani. Akatazama kitambulisho cha mama, akafungua akaunti.

"Sasa chagua namba mpya, uiingize mara mbili," akasema. "Wengine wote geukeni."

Tukageuka. Mama akabonyeza polepole. Simu ikakataa.

"Mama," nikasema kwa upole wa mwalimu, "mara ya pili umeweka nane badala ya tano."

Duka zima likanigeukia.

"Venanti," mama akasema. "Umejuaje?"

Nakiri mbele ya taifa. Niligeuka kama nilivyoagizwa. Ila niligeukia kabati la vioo la Asmahani, na kioo kilikuwa kisafi sana.

Nilitolewa nje kwenye mvua. Mama akachagua namba nyingine, akatoa fedha yake, akanunua mbegu na mbolea siku hiyohiyo. Namba hiyo siijui hadi leo. Najua tu uzito wa mfuko wa mbolea, maana niliubeba mimi, kutoka mjini mpaka shambani.