Baiskeli Iliyoonja Mate

Kama unakula, maliza kwanza. Haya yalimkuta shemeji yetu, mume wa dada yetu mkubwa, na kila yakisimuliwa nyumbani kuna mtu anasukuma sahani kando.

Shemeji ni fundi baiskeli. Yeye na dada wana kibanda chao langoni mwa msitu wa kupumzikia, pale inapoanzia njia inayozunguka ziwa. Gari haliingii kule, pikipiki haiingii. Ni baiskeli na miguu tu, na wote huzunguka upande mmoja, maji yakiwa kulia, ili watu wasivaane kwenye kona za miti. Dada hukodisha, shemeji hutengeneza. Na wana utaratibu wao: baiskeli ikishatengenezwa, haipewi mtu mpaka dada aipande na kuzunguka nayo ziwa zima. Shemeji husikiliza ubovu kwa masikio, dada husikiliza kwa makalio. Maneno yake mwenyewe hayo, msinitazame mimi.

Sasa huyu shemeji, jina lake la mtaani ni Bwana Kinyaa. Kikombe cha mtu hakigusi. Akienda ugenini hula ndizi tu, kwa kuwa ina ganda. Akikuta unywele kwenye mboga, nyumba nzima italala njaa. Lakini mtu huyohuyo akishaziba pancha, hutema mate kwenye ncha ya kidole, akayapaka pale pa kujazia upepo aone kama yatatoa povu. Mate yakitulia, kazi imekwisha. Mafundi wengi hufanya hivyo, lakini dada hakuacha kumcheka.

"Kumbe kinyaa chako ni cha mate ya wenzio tu!"

"Yangu nayajua yalikotoka," humjibu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi, asubuhi tulivu baada ya mvua, wateja wa kuhesabika. Shemeji alitoka kumwaga maji machafu, akakuta baiskeli imeegemea ukuta wa nyuma. Haikuwa yao. Ilikuwa nyeusi, ya kike, ya kizamani, tairi la mbele limelala chini. Kuanzia usukani hadi pedeli ilitapakaa utelezi wa kijani, kama bamia iliyochacha. Siti yake ilikuwa ya ngozi, na ile ngozi ilikuwa na vinyweleo.

"Hii ikatupwe huko mbali," akamwambia dada. "Inanuka."

"Ya mtu hiyo, atakuja kuiulizia. Itengeneze, tumpe, aende zake."

"Na utelezi wote huu?"

"Maji yapo, sabuni ipo. Acha kudeka, baba."

Akavaa glavu, akafunga kitambaa puani, akaiosha. Alipochomoa tyubu, ilikuwa ya moto. Si moto wa jua, maana jua lilikuwa halijafika upande ule. Ni joto la kitu kilichokuwa ndani ya nguo ya mtu. Alipoikamua, ikatoa pumzi. Harufu yake ilikuwa ya kinywa ambacho hakijasukutuliwa miaka, na chakula kimo humo. Shemeji alikimbia nyuma ya kibanda, chai yote ya asubuhi ikarudi. Lakini kazi ni kazi. Akaizamisha tyubu kwenye ndoo ya maji, akatafuta tundu, hakuliona. Akairudisha, akapiga pampu, tairi likajaa likasimama.

Halafu mkono ukafanya ulichozoea. Akavua glavu, akatema kidoleni, akapaka.

Mate hayakutoa povu. Wala hayakutulia. Yalifyonzwa. Na kile kijimdomo cha tyubu kikashika ncha ya kidole chake, polepole, kikanyonya tena.

Alichomoa mkono kwa nguvu. Akajiambia ni upepo, upepo wakati mwingine hurudi nyuma. Uongo mtupu, na fundi yeyote anajua kwamba ni uongo. Ila angemwambia nini dada? Angechekwa mpaka wiki iishe. Akaenda kusugua kidole kwa sabuni ya kufulia. Alikuwa bado anasugua aliposikia kengele ya baiskeli. Dada ameshaipanda, anaelekea msituni kuijaribu, kama kawaida yao.

Hapo ndipo mdomo wa shemeji ulipoanza.

Kwanza tope. Alitema, akasukutua, tope likarudi. Kisha majani yaliyooza, yale yanayolala mwanzoni mwa njia chini ya miti mikubwa. Kisha mbao mbichi yenye kinyesi cha ndege. Akasimama palepale na kopo mkononi. Daraja dogo. Mbao za daraja dogo, ndege hawana pengine pa kuchafulia. Kisha kikaja kitu laini, baridi, chenye vijifupa, akatapika tena, maana asubuhi alipofagia njia alimwona chura aliyekanyagwa kwenye kona baada ya daraja, akasema atamwondoa baadaye.

Kila tairi lilipopita, yeye alionja.

Halafu tope likaisha. Ikaja chumvi. Chumvi ya jasho, na ndani yake mafuta ya nazi. Shemeji ameishi na dada tangu wakiwa vijana, watoto wao wameshaoa na kuolewa. Aliijua ile ngozi.

Akaruka juu ya baiskeli ya kwanza iliyokuwa karibu, akaingia njiani kinyume, maji yakiwa kushoto. Mtembezi mmoja alimfokea, "Mzee, upande wako ni ule!" Alikanyaga pedeli huku ladha ikizidi kumjaa, na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba udenda ulikuwa unamtoka. Alikuwa anatapika, na papo hapo udenda unamtoka.

Aliwakuta upande wa pili wa ziwa, miti inapoinama. Baiskeli inakwenda taratibu. Miguu ya dada haikanyagi kitu, pedeli zinazunguka zenyewe. Ile ngozi ya siti ilikuwa imepanda mapajani ikamkumbatia. Tyubu ya mbele ilikuwa imetoka ubavuni mwa tairi, ndefu, ya kijivu, imelowa, inamlamba shavu la mguu kutoka kifundoni hadi gotini. Inashuka, inaanza upya. Ilipopita, ngozi ilibaki nyeupe, imekunjamana, kama ya mtu aliyeshinda akifua.

"Baba," dada alinong'ona. "Usipige kelele. Ukipiga kelele inakaza."

Na baiskeli ilikuwa imeshaacha njia. Inashuka kwenye matete. Inaelekea majini.

Shemeji alishika usukani akavuta. Ilikaza. Dada akauma midomo. Akashika tyubu kwa mikono miwili, ikamteleza, utelezi ukamjaa hadi viwikoni. Kila ilipolamba, yeye alionja. Tairi la mbele likagusa maji. Hapo akaelewa, wala hakuna aliyemfundisha: ilikuwa haimjui dada, inamjua yeye. Ilikuwa ikionja kwa mate yake. Lazima yarudi yalikotoka.

Akapiga magoti kwenye tope. Mtu asiyegusa kikombe cha mwenzake. Akakishika kile kijimdomo cha tyubu, akakiweka kati ya midomo yake, akafumba macho, akanyonya.

Upepo ulikuja kwanza, ule wa harufu ya kinywa. Kisha utelezi. Kisha nywele, ndefu, zikipita kooni moja moja. Mwisho kikaja kitu kizito, laini, cha vuguvugu, kama ute wa yai, kikakaa juu ya ulimi wake, kikajigeuza. Alitaka kukitema. Lakini akitema, ameirudishia. Hapakuwa na pa kukitupa ila ndani.

Akameza.

Tyubu ikalegea. Siti ikamwachia dada, akaanguka kwenye matete. Baiskeli ikaendelea yenyewe kuingia ziwani, imesimama wima, haikurusha hata tone. Siti ndiyo iliyozama mwisho. Wawili wale walirudi kwa miguu, wameshikana mikono.

Miguu ya dada ilipona jioni ileile. Mdomo wa shemeji ndio haukupona. Chakula kilimwishia ladha. Chai, chumvi, pilipili, kwake vyote vikawa kama karatasi. Akakonda. Kinyaa nacho kikamwisha, na hilo lilimsikitisha dada kuliko kukonda, maana sasa shemeji alimaliza makombo kwenye sahani za wageni, tena kwa vidole.

Halafu dada akaanza kuamka miguu imelowa. Alidhani jasho. Akabadilisha shuka, akafungua dirisha, bado. Akamwomba shemeji akalale sebuleni, eti anakoroma. Mtu mpole yule, alichukua mto wake akaenda. Dada akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akautia ufunguo ndani ya foronya. Asubuhi akaamka miguu imelowa.

Basi akanunua shubiri, ile wanayopaka akina mama kwenye titi wakitaka kumwachisha mtoto kunyonya. Hakumwambia mtu, hata sisi tulikuja kuambiwa baadaye. Alijifungia, akajipaka nzito kutoka vifundoni hadi magotini, akalala.

Kulipokucha, mlango ulikuwa umefungwa vilevile na ufunguo umo ndani ya foronya. Akafunua shuka. Miguu ilikuwa safi, inang'aa, hakuna shubiri hata chembe.

Akatoka chumbani. Shemeji alikuwa amesimama kwenye sinki, ameinama, anasukutua, anatema, anasukutua tena. Hakugeuka. Alifunga bomba, akajifuta mdomo kwa mkono, akanong'ona:

"Mama, leo usijipake."