Ngamia Waliokula Chaji

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, simu ililia katika nyumba ya mama yake Kabale huko Chechelesi, mjini Isiolo. Aliyepiga alikuwa mjomba Godana, kaka yake Mama. Godana alichunga ngamia upande wa Kulamawe, na ili apate mtandao ilimlazimu kupanda kilima. Hakuwa na muda wa salamu ndefu.

"Kitambaa chekundu, mitungi minne, gari la Lochoro," alisema, kisha akakata.

Hayo yalimtosha Mama. Magari ya maziwa yalikuwa mengi, na kila moja lilishusha mizigo mahali pake. Wanawake waliouza maziwa walitambua mitungi yao kwa rangi ya kitambaa kilichofungwa shingoni. Aliyechelewa aliikuta juani, na maziwa yaliyopigwa na jua la Isiolo hanunui mtu.

Jumatatu moja simu haikulia. Mama alipoishika, ilikuwa imezima. Aliikuta mitungi yake saa tano, imefura kama matumbo ya mbuzi mgonjwa. Maziwa yote yalikuwa yameharibika. Jumanne mambo yakawa yale yale.

Nyumba haikuwa na stima, kwa hiyo simu ilichajiwa dukani kwa Macharia na Kabale aliichukua kila jioni. Mama alikwenda dukani akiwa amekunja uso.

"Macharia, chaji yako ni ya maji?"

"Mama Kabale, simu iliondoka hapa ikiwa asilimia mia," Macharia alijibu bila kuinua kichwa. "Uliza nyumbani kwako."

Nyumbani walikuwa wasichana wawili. Kabale alikuwa binti ya Mama. Fardosa alikuwa binti ya Godana, aliyeletwa mjini asome kwa sababu baba yake alihamahama na mifugo. Wote wawili walikuwa gredi ya sita. Fardosa ndiye aliyeongoza darasa.

"Nani anachezea simu yangu?" Mama aliuliza.

Fardosa alisema kweli. "Shangazi, mimi huwasha tochi kidogo nikisoma. Nusu saa tu."

Kabale alikuwa na siri. Wiki iliyopita alikuwa ameingiza mchezo katika simu ile, mchezo wa kufuga ngamia unaoitwa Zizi Langu. Alicheza kidogo njiani akitoka dukani, kisha akaufunga na kuuficha ndani ya folda ya programu za picha. Zizi lake lilikuwa limefika ngamia tisini. Moyoni alishuku mchezo huo, lakini alijiambia kwamba kitu kilichofungwa hakiwezi kula chaji. Aliogopa kofi la Mama.

"Si nusu saa, Mama," alisema. "Hukaa na tochi mpaka mimi nalala."

"Kabale!" Fardosa alishtuka. "Unajua si hivyo!"

Kofi alilokuwa akiliogopa Kabale lilimpata Fardosa.

"Maziwa ya baba yako mwenyewe!" Mama alifoka. "Kesho utarudi kwake na gari la mitungi mitupu. Ukachunge. Tochi huko ni mwezi."

"Shangazi, mtihani unaanza Alhamisi."

"Ungeufikiria mapema."

Jumatano asubuhi Fardosa alipandishwa juu ya mitungi mitupu ndani ya gari la Lochoro. Hakulia. Alimtazama Kabale tu, na Kabale akaangalia chini akijifanya kufunga kiatu.

Shuleni, Nanok, mvulana wa dawati la nyuma, aliuliza Fardosa yuko wapi. Kabale angeweza kunyamaza. Badala yake alicheka na kusema, "Amerudishwa porini. Anakula chaji kama mbuzi anavyokula karatasi."

"Mla Chaji!" Nanok alipaza sauti, na darasa zima likaangua kicheko. Kufikia saa ya chakula, hata watoto wa gredi ya kwanza walilijua jina hilo.

Alhamisi alfajiri simu haikulia.

Mama aliiangalia ile simu iliyozima, kisha akakiangalia kitanda cha Fardosa kilichokuwa kitupu. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. "Fardosa yuko Kulamawe," alisema polepole. "Na simu imekufa vile vile."

Kabale akasema tumbo linamuuma. Mama akamshika mkono, wakapitia kabla ya shule kwa Wakonyo, fundi wa simu aliyekuwa na kibanda karibu na soko.

"Salaam aleikum, Mama Kabale."

"Aleikum salaam. Wakonyo, betri hii imeoza?"

Wakonyo aliichomeka simu kwenye umeme, akaiwasha. "Watu hukimbilia kununua betri. Mimi kwanza huuliza nani anakula." Akafungua mipangilio, akabonyeza sehemu ya betri. "Tazama. Wiki hii, tochi asilimia mbili. Kupiga na kupokea simu, nne. Zizi Langu, sabini na moja! Kila usiku inafanya kazi chinichini kwa muda wa saa tisa."

"Zizi gani?"

"Mchezo. Mtu akiufunga, unaendelea kutafuta mtandao na kutuma habari usiku kucha. Ni kama umemfungia fisi ndani ya zizi na kwenda kulala."

Alitafuta ndani ya folda ya programu za picha, akaupata. Alipoufungua, maandishi makubwa yalijaza kioo. Mama alisoma kwa sauti, neno baada ya neno.

"Karibu tena, Malkia Kabale. Ngamia wako wametoa maziwa ulipokuwa umelala."

Wakonyo alikohoa, akainama kutafuta bisibisi ambayo hakuihitaji.

"Maziwa ya nani yameharibika, Malkia?" Mama aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Kabale kuliko kofi.

Wakonyo alilazimisha mchezo usimame, akauondoa, kisha akapitia programu nyingine na kuzizuia zile zisizohitajika kufanya kazi chinichini. Yote hayo yalichukua dakika tano. Ngamia tisini walitoweka bila hata kulia.

Jumamosi, siku isiyo na mtihani, Mama na Kabale walipanda gari la mitungi mitupu. Walimkuta Fardosa kisimani na alama za fimbo miguuni. Baba yake alikuwa ameambiwa ameharibu maziwa, naye hakuuliza mara mbili. Sare yake ya shule ilikuwa imekatwa kuwa vitambaa vya mitungi.

"Sema," Mama alimwamuru Kabale.

Kabale alisema yote, akilia. Fardosa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wao hawakujua," alisema. "Wewe ulijua."

Hakupokea mkono alionyoshewa.

Godana aliitupa fimbo yake chini. "Ngamia akiugua, tunatafuta ugonjwa," alisema. "Hatumpigi aliyesimama karibu naye. Mimi nimempiga. Dada, na wewe umempiga. Tusimlaumu mtoto mmoja tu."

"Ni kweli," Mama alisema. "Nisamehe, Fardosa. Nilihukumu kabla ya kupima."

Jumatatu Fardosa alirudi shuleni akiwa amevaa sare ya Kabale. Kabale alivaa ya mwaka jana, iliyombana na kumwacha magoti wazi. Karatasi mbili za mtihani zilikuwa zimempita Fardosa, na mwalimu alisema hataweza kuzirudia. Muhula huo hangeongoza.

"Mla Chaji amerudi!" Nanok alipiga kelele langoni.

Mama, aliyekuwa amewasindikiza, alimtazama binti yake na kungoja.

"Mla Chaji ni mimi," Kabale alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia kwa nguvu zaidi. "Ni mimi. Fardosa hakufanya kitu. Nilimsingizia."

Kicheko kilimgeukia, na hapakuwa na wa kumtetea. Fardosa alipita bila kugeuka.

"Atanisamehe lini, Mama?" Kabale aliuliza.

"Sijui. Simu tuliitengeneza kwa dakika tano, kwa sababu simu haina moyo," Mama alisema. "Mtu uliyemsingizia huchukua muda wake. Ungesema kweli Jumanne, ungepata kofi moja na mambo yangeisha. Ingia darasani."