Mtaro Chini ya Meza ya Pasi

Kila asubuhi Dobi alifua nguo za watu, kisha akamwaga maji ya povu barabarani. Angeyamwaga wapi? Mtaro wa mbele ya nyumba mumewe aliufunika kwa zege zamani, wakapata kibaraza. Juu ya kibaraza ilikaa meza ya pasi. Chini yake mtaro ulijaa tope, nao ukasahaulika.

Maji yalituama. Lami ikafanya ufa, ufa ukawa shimo. Mume akalijaza udongo. Mvua ikaja, ikaubeba. Akajaza tena.

"Wakubwa wa mji wamelala fofofo," alilalamika.

Siku moja shimo lilifurika, halikuonekana. Mama mkwe wa Dobi alilikanyaga, akaanguka, akavunjika nyonga. Tangu hapo anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Kila wakienda kliniki, kiti kinaruka mashimoni naye anauma mtandio.

"Taratibu, mwanangu," humwambia mwanawe. "Mimi si gunia la viazi."

Hatimaye mtaa ukapata zamu ya lami mpya. Msimamizi wa kazi alikuwa mwanamke wa makamo, buti zake zimegandwa na lami. Alipofika kwa Dobi alisimama.

"Hapa siweki lami."

"Kwa nini, dada?" Dobi aliruka. "Si zamu yetu imefika?"

"Zamu imefika. Mtaro je? Adui wa lami ni maji. Yakituama, yanapenya kwenye ufa, yanalainisha udongo wa chini. Gari likipita, lami haina pa kuegemea, inavunjika. Na huo udongo mnaojaza unageuka uji."

"Sasa tufanyeje?"

"Vunjeni hilo zege, mzibue mtaro. Mlangoni pekee wekeni mfuniko wa kunyanyuliwa, wa kuvukia. Maji ya kufulia yachimbieni shimo nyuma ya nyumba, mlijaze kokoto, yanywee humo. Mtaro ni wa mvua. Sisi tutakata kingo za shimo, tutoe tope lote, tukaushe, tujaze kokoto na kushindilia. Ndipo lami."

"Na yeye apigie pasi wapi?" mume aliuliza. "Kichwani kwangu?"

Hakuna aliyecheka. Kibaraza kile ndicho kilichowalisha. Wateja walipita, wakaona, wakaacha nguo.

Dirishani sauti ya mama mkwe ilisikika, ndogo.

"Kumbe nilianguka kwenye maji ya kufulia ya nyumba yangu."

Dobi aligeukia dirisha. "Mama, sikujua."

"Hukujua. Sasa unajua."

Dobi aliinua meza, akaiingiza ndani, akarudi na nyundo. Mumewe alimtazama kidogo, kisha akachukua sururu. Tope lililotoka lilinuka. Ndani yake mlikuwa na karatasi za sabuni, za Dobi mwenyewe.

Shimo la kokoto likachimbwa nyuma ya nyumba, lami ikawekwa. Mvua kubwa ikanyesha, maji yakakimbilia mtaroni, barabara ikabaki imara. Dobi sasa hupiga pasi chumbani, kando ya kitanda cha mama mkwe, katika joto. Baadhi ya wateja wamehamia kwingine. Kila Jumamosi yeye na majirani huzoa takataka mtaroni.

Juzi walirudi kliniki. Daktari alisema wazi: mama hatatembea tena. Wakashika njia ya nyumbani. Dobi ndiye aliyesukuma. Walipoingia mtaani kwao, mama mkwe alishika kiti kwa nguvu, akauma mtandio, akangoja.

"Bado hatujafika kwenye lile shimo?"

"Tumeshalipita, mama."

Mama mkwe aligeuka, akaitazama barabara nyeusi, tambarare. Akaachia kiti. Hakutabasamu.

"Pale kona, mtaa wa pili, nimeona ufa," alisema. "Mdogo. Nifikishe nyumbani, kisha nenda ukatoe taarifa kwa yule msimamizi. Leo hii."

Dobi alienda.