Mpaka Aliouchora Orville

Curtis Vandeveer hakuwa na bastola. Hakuwa na pingu, wala kitambulisho, wala mwenzake wa kumlinda mgongo. Chakula cha mchana hakukionja. Na tangu mwezi wa tatu, dhamiri safi nayo hakuwa nayo.

Alikuwa na Subaru kuukuu na simu moja.

Simu ikalia.

"Mzigo umetoka nyumbani," alisema Maureen Pell, mkuu wake katika idara ya ujasusi, kutoka Seattle. "Audi nyeusi. Anawahi kivuko cha saa tisa, Kingston."

"Namwona."

"Asivuke."

"Nimzuie kwa kitu gani? Kwa mikono?"

"Idara haitaki kujulikana. Tumia akili. Vijana wangu wako dakika ishirini nyuma yako."

Akakata.

Curtis alikanyaga mafuta. Misonobari ilipita pande zote mbili, imelowa. Mbele yake Audi ilikuwa ikiendeshwa na Thaddeus Brandl, mwakilishi wa kampuni ya Lumenda. Kazi yake iliyojulikana ilikuwa kupeleka miwani ya uhalisia pepe majumbani, watu waijaribu kwa michezo kabla haijaingia sokoni, kisha kuikusanya. Kazi yake isiyojulikana ilikuwa kuyauzia mataifa ya kigeni kile ambacho miwani imekiona.

Maana miwani ile inaona.

Kabla ya mchezo inakutaka uzunguke chumba ukichora mpaka, usije ukajigonga kwenye meza. Nayo hupiga picha kila ukuta unaopita mbele yake.

Na kwenye ukuta wa chumba cha chini cha Orville Tackett kulikuwa na mchoro wa pangaboi la manowari. Pangaboi lisilotoa sauti, siri ya jeshi la majini. Mhandisi huyo mzee, wa miaka sabini na moja, aliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani tangu alipovunjika nyonga. Mkewe alishafariki. Binti yake alikuwa Ohio. Rafiki yake wa kila wiki alikuwa Walt wa Spokane, ambaye walivua naye samaki ndani ya mchezo, kila mmoja akiwa kwake.

Walt alikuwa Curtis.

Aliikumbuka siku ya kwanza, mwezi wa tatu, neno kwa neno.

"Walt, ndugu yangu, kitu hiki kina maisha mbele!" mzee alisema. "Leo wanatucheka tumevaa makopo usoni. Subiri miaka kumi, hutakuta sebule isiyo nayo. Mimi na binti yangu tutacheza karata meza moja, yeye yuko Ohio."

"Inanibana pua, mzee."

"Pua yako ndiyo yenye makosa! Televisheni ya baba yangu ilikuwa kubwa kama kabati, mbona tuliipenda? Haya, nielekeze. Mpaka niuchore hapa kwenye kochi tu?"

Curtis alijua miwani inapiga picha. Idara ilitaka mwizi ale chambo.

"Zunguka chumba chote," alijibu. "Nafasi ikiwa kubwa ndiyo raha."

Mzee akazunguka chumba chote. Taratibu, kwa fimbo yake, akicheka.

Kingston.

Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, imeganda barabarani karibu kilomita nzima. Watu wa huku watakusamehe kahawa mbaya na mbwa mkorofi. Kuwakatia foleni ya kivuko, hawasamehe. Brandl hakuwa wa huku. Alipita pembeni akachomeka Audi mbele ya pikapu ya Ford.

Honi!

Akashuka mama wa miaka sitini hivi, sindano za kufumia zikiwa kwapani.

"Wewe! Na akili umeikodi pamoja na gari?"

"Mama, nina haraka."

"Kumbe! Na sisi tumekuja kuota jua?"

Mvua ilikuwa inanyesha.

"Nitakulipa."

Hapo akaharibu kabisa. Milango ya magari ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Jamaa mwenye mbwa akaenda kusimama mbele ya Audi. Kutoka gatini, askari wa barabarani alianza kuja, bila haraka.

Brandl aliingiza mkono ndani ya koti.

Curtis aliuona mkono ule. Aliuona na uvimbe chini ya koti, ukubwa wa bastola. Akashuka kwenye Subaru, akafungua mlango wa abiria wa Audi, akaketi.

"Utoe mkono, Thaddeus. Mtupu. Nje kuna askari, mbwa, na watu thelathini wanaotafuta sababu."

"Wewe nani?"

"Niliyekuwa nyuma yako kwenye foleni."

Mkono ukatoka mtupu. Curtis akapitisha wake, akaitoa bastola na kuitupa kiti cha nyuma. Kisha akaliinua boksi jeupe la Lumenda, lenye miwani ya Orville, lililokuwa miguuni pake.

Askari akagonga kioo. "Geuza. Rudi mwisho wa foleni."

Mama wa Ford akapiga makofi. Kivuko kikalia, kikaondoka. Huko mwisho wa foleni, vijana wa Pell walikuwa wameshafika, wakimsubiri Brandl.

Simu tena.

"Safi sana," alisema Pell. "Jumatatu tunamkamata Tackett."

"Yule hana kosa."

"Mchoro umetoka kwake. Lazima apatikane wa kubeba lawama."

"Mimi ndiye niliyemwambia azunguke chumba. Mazungumzo yetu yamerekodiwa."

"Yalirekodiwa. Yameshafutwa. Nimekulinda wewe, Curtis. Sema asante."

Curtis akakata simu. Alinunua karatasi na bahasha dukani, akaandikia juu ya usukani wa Subaru:

"Bwana Orville. Mimi ndiye Walt. Jina langu ni Curtis Vandeveer, afisa wa ujasusi. Nilijua miwani inapiga picha. Nilikuzungusha chumba chote kwa makusudi. Wewe hukujua lolote. Mpe wakili wako karatasi hii leo hii. Nimeisaini, na nitaapa mbele ya hakimu. Kuhusu sebule za kesho, naamini ulisema kweli. Ila watu kama mimi nao watakuwamo. Ukichora mpaka, tuache nje."

Ilikuwa Alhamisi. Barua ingefika Jumamosi, kabla yao.

Akalamba gundi, akaikandamiza kwa kidole gumba, akabandika stempu. Akaidumbukiza kwenye sanduku la posta la buluu. Mfuniko ukajifunga.

Akapandisha kola ya koti, akaenda zake.